Santuri au simu? Kupanga muziki wa nyumbani kwa pesa ya kuungaunga

Tuseme una laki tano za Tanzania na hamu ya kusikia muziki vizuri nyumbani. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni pleya ya santuri, ambayo siku hizi imerudi kuwa kitu cha kujivunia sebuleni. Ya pili ni simu uliyonayo tayari, ukaiunganisha na spika za maana. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa pesa hiyo anza na dijitali, na sehemu kubwa ya pesa ipeleke kwenye spika. Ila wapo watu ambao ningewaambia wanunue pleya leo hii, na hatua zifuatazo zitakuonyesha kama umo.

Hatua ya 1: Andika muziki kabla ya kuandika vifaa

Chukua karatasi, orodhesha albamu au nyimbo ishirini unazotaka kuzisikia mwezi huu, kisha zitafute moja moja kwenye simu. Kama karibu zote zipo na zinasikika safi, kazi imekwisha: ruka hadi hatua ya 2 na usahau pleya. Bongo fleva, singeli, amapiano na injili ya sasa hutengenezwa kwenye kompyuta tangu mwanzo. Ukizinunua kwenye santuri unalipia jalada na ile raha ya kuishika. Si vibaya, lakini ujue unalipia nini.

Mambo hubadilika kama orodha yako imejaa muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970, benga, au rumba la Kongo. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zao zikatengenezwa Nairobi. Nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha wimbo mzima, kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Leo mtandaoni mara nyingine unakuta sehemu ya kwanza peke yake. Umepewa maneno, umenyimwa chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Au unakuta wimbo wote, lakini umenakiliwa kutoka kaseti iliyochezwa mpaka ikachoka. Kwa muziki wa namna hiyo santuri ina kitu ambacho simu yako haina.

Halafu kuna waliorithi. Kama mzee aliacha masanduku ya santuri uvunguni, sehemu iliyo ghali kuliko zote katika mchezo huu, yaani santuri zenyewe, umeshalipiwa. Wewe ndiye wa kusoma hatua ya 4 hadi ya 7 kwa makini.

Tahadhari moja hapo kwenye masanduku. Ukikuta santuri nzito, ngumu, inayovunjika ikianguka, hiyo ni ya shelaki ya mizunguko 78. Taarabu ya Siti binti Saad iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 ilitoka kwenye santuri za aina hiyo. Pleya nyingi mpya zina mwendo wa 33 na 45 tu. Hata ukipata yenye 78, mifereji yake ni mipana, sindano ya kawaida huzama chini na kuokota makelele. Zinataka sindano yao. Ziweke kando, zisimame wima, usizijaribu kwa pupa.

Hatua ya 2: Spika kwanza, nusu ya pesa au zaidi

Tofauti kati ya simu ya kawaida na mashine ya mamilioni, kama chanzo cha sauti, ni ndogo kuliko tofauti kati ya spika mbaya na spika nzuri. Ndiyo maana naanzia hapa, iwe umechagua santuri au dijitali.

Ukifika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utaonyeshwa sabufa zenye maboksi yaliyoandikwa wati elfu kadhaa, pengine elfu kumi. Usibishane na muuzaji. Mwombe aigeuze, uangalie kibandiko kilichoko nyuma karibu na waya wa umeme. Kama kibandiko kinasema mashine inakula wati 40, haiwezi kutoa hata hizo 40 zote kama sauti mfululizo, sembuse elfu kumi. Namba za boksini mara nyingi ni PMPO, hesabu ya matangazo isiyo na kipimo kinachoeleweka. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Kwa chumba cha kawaida, wati 15 hadi 20 za RMS kila upande zinatosha kumfanya jirani abishe hodi.

Tatizo la sabufa za bei ndogo si nguvu. Besi yote hutoka kwenye boksi moja kubwa, na kila kitu kingine, yaani mwimbaji, gitaa la solo, tarumbeta, husukumwa kwenye vispika vya saizi ya kiganja. Kwa singeli unaweza usijali. Kwa dansi utasikia besi ikitembea peke yake huku magitaa yakiwa mbali. Mimi ningetafuta spika mbili za mbao za mtumba na amplifaya ndogo, hata kama kwa macho hazivutii.

Kukagua spika ya mtumba ni kazi ya dakika mbili. Toa kitambaa cha mbele uangalie duara laini linaloshika koni (ile sehemu inayotetemeka) na fremu. Likiwa la povu, joto na unyevu wa pwani huliozesha; ukiligusa linabaki vidoleni kama makombo. Likiwa la mpira hudumu zaidi. Kisha bonyeza koni taratibu kwa vidole vya pande zote mbili. Iingie na kurudi kimya. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Mwisho cheza wimbo unaoujua kwa kichwa, kwanza kwa sauti ya chini. Spika mbovu hujificha kwenye kelele. Povu lililooza fundi redio hulibadilisha, lakini uliza bei yake kabla hujalipia spika.

Ukifika nyumbani usiziweke sakafuni wala kuzibana kwenye kona. Ziinue zifike usawa wa masikio ukiwa umekaa, umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwako. Hiyo ni bure.

Hatua ya 3: Hesabu ya dijitali

Kama simu ina tundu la headphone, unahitaji waya wa AUX wenye vichwa vyekundu na vyeupe upande wa pili. Basi. Kama haina, nunua kidude cha USB-C chenye tundu. Cha Apple huuzwa Marekani kwa kama dola 9 na kinafanya kazi nzuri kuliko bei yake, ingawa kwenye baadhi ya simu za Android sauti hutoka ndogo, kwa hiyo kijaribu dukani kwa simu yako mwenyewe. Bluetooth nayo inatosha kwa matumizi ya kila siku. Waya ni bora kidogo, tena hauishiwi chaji.

Kuhusu ubora, CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja na sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na biti 16, ambazo zinaipa nafasi ya kama desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Santuri nzuri iliyotunzwa hucheza kwenye 60 hadi 70. Kwa vipimo, dijitali ilishashinda zamani. Anayekwambia santuri ina sauti ya joto anazungumzia ladha, na ladha ni haki yake. Ajue tu kwamba santuri nyingi mpya zinazouzwa leo zimetengenezwa kutoka faili la dijitali.

Gharama iliyojificha ni bando. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 144 kwa saa. Sikiliza saa mbili kila siku, mwezi unaisha ukiwa umetumia zaidi ya gigabaiti 8 kwa muziki pekee. Dawa yake ni kupakua mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi au bando la usiku. Memori kadi ya gigabaiti 64 inabeba zaidi ya saa 400 za ubora huo. Kadi bandia ni nyingi, zimeandikwa 64 lakini ndani hazifiki. Ukiwa na kompyuta ya Windows, programu ya bure ya H2testw itakwambia ukweli kabla hujazijaza nyimbo na kuzipoteza.

Hatua ya 4: Hesabu ya santuri, yote, siyo pleya peke yake

Watu hupigia hesabu pleya, wakasahau mengine. Chukua mfano wa pleya ya kuanzia inayopendekezwa sana, Audio-Technica AT-LP60X. Bei yake Marekani ni dola 150 kwenda juu. Weka usafiri na ushuru, laki tano zako zimekwisha, na bado huna spika wala santuri hata moja. Hapo ndipo msimamo wangu unapotokea. Hakuna chuki na santuri, ni hesabu tu.

Ukiendelea hata hivyo, elewa kitu kinachoitwa priampu ya fono. Katriji ya pleya, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 3 hadi 5. Isitoshe, santuri inapokatwa kiwandani besi hupunguzwa makusudi na sauti kali huongezwa, ili mifereji isiwe mipana na msuguano wa sindano usisikike sana. Priampu hukuza umeme huo na kuirudisha besi mahali pake. Pleya isiyo nayo ukiichomeka kwenye AUX ya sabufa itatoa kasauti kembamba, na wengi hudhani pleya ni mbovu wakairudisha dukani. Basi kabla ya kununua uliza: priampu imo ndani ya pleya, imo kwenye amplifaya (tafuta tundu lililoandikwa PHONO), au nanunua pembeni? AT-LP60X inayo ndani.

Vile vipleya vya begi vyenye spika zake ndani ni rahisi na vinapendeza kwenye picha. Vingi hutumia katriji ya seramiki inayokandamiza santuri kwa gramu 5 hivi au zaidi, wakati katriji ya kawaida kama AT-VM95E hutumia gramu 2. Spika zikiwa ndani ya boksi lile lile, mtetemo wake hurudi kwenye sindano. Kuchezea santuri mpya ya duka la zawadi, sawa. Kuchezea santuri za marehemu babu, hapana.

Sasa umeme. Shangazi aliyeko Marekani akikuahidi pleya yake ya zamani, muulize kwanza ina mota ya aina gani. Pleya nyingi za zamani zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira zina mota inayofuata mapigo ya umeme wa ukutani, na Marekani ni hezi 60 wakati kwetu ni 50. Transfoma itashusha volti 230 hadi 120 lakini hezi haitazigusa. Matokeo yake pleya itazunguka pole kwa moja ya sita, na mwimbaji wa kike atasikika kama mjomba wake. Zipo zenye puli ya kubadilisha, yaani kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda. Kama puli ya hezi 50 haipo, mwambie shangazi asihangaike na mzigo. Pleya za kisasa zenye adapta iliyoandikwa 100–240V hazina shida hiyo.

Gharama ndogondogo zinazobaki: sindano hubadilishwa baada ya saa 300 hadi 500 za kuchezwa, kutegemea umbo la ncha yake, kwa hiyo hakikisha ya akiba inapatikana kabla hujanunua pleya yenyewe. Mkanda wa mpira hulegea kwa joto. Na santuri mpya hulipiwa usafiri kwa uzito.

Hatua ya 5: Kukagua pleya ya mtumba

Nenda na vitu vitatu: santuri ambayo hata ikikwaruzika hutalia, kipande cha karatasi nyeupe, na simu.

Weka santuri, ibandike ile karatasi ukingoni, washa pleya kwenye 33. Washa saa ya simu, hesabu karatasi inapita mbele yako mara ngapi kwa dakika tatu. Jibu sahihi ni 100, kwa sababu mwendo kamili ni mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika. Ukipata 99 au 101, nunua. Ukipata kama 83, umekutana na mota ya hezi 60. Ikiwa hesabu inapanda na kushuka kila ukirudia, mkanda umelegea au mota imechoka. Muuzaji atakuona wa ajabu kwa dakika hizo tatu, mvumilie.

Halafu piga picha ya karibu ya sindano, uikuze. Ncha iwepo, isimame wima ukiitazama kutoka mbele, isiwe na donge la vumbi. Sogeza mkono kwa kidole kimoja kulia na kushoto. Uende bila kukwama. Kama mkono una uzito wa kurekebisha nyuma, ni ishara nzuri. Nyumbani utausawazisha hadi uelee, kisha utauongeza mpaka gramu zilizoandikwa na mtengenezaji wa katriji. Kipimo kidogo cha dijitali cha aina wanayotumia masonara kinatosha kuthibitisha.

Waya mwembamba wenye kichwa cha uma unaoning'inia nyuma usiukate. Ni wa kufunga kwenye skrubu ya GND ya amplifaya, bila huo utasikia mvumo usiokoma. Na usiweke pleya juu ya sabufa. Naandika hivyo kwa sababu nyumba nyingi ndiko inakowekwa.

Hatua ya 6: Kununua na kusafisha santuri

Nairobi, pale Kenyatta Market, kuna kibanda cha santuri kinachojulikana sana. Popote unaponunua, itoe santuri ndani ya jalada na uilaze chini ya mwanga wa pembeni. Mikwaruzo inayoonekana lakini ukipitisha ukucha haisikiki, mara nyingi hutoa vishindo vidogo tu. Ukucha ukikwama, sindano nayo itakwama. Rangi ya kijivu kwenye mifereji ina maana imeliwa na sindano mbovu, na hiyo haisafishiki. Iangalie pia kutoka ubavuni: ikiwa imepinda mpaka unaona wimbi, iache. Ukikuta 45 yenye tundu pana katikati, utahitaji kile kiduara cha plastiki cha kuijazia.

Pwani adui ni kuvu, bara ni vumbi. Nunua maji ya betri petroli stesheni, hakikisha ni maji na siyo asidi, kwa sababu chupa hukaa rafu moja. Tia matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye nusu lita. Lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usilowanishe karatasi ya katikati, kisha pitisha kitambaa cha pili chenye maji ya betri matupu. Kausha kivulini. Zile za shelaki usiziguse na spiriti, huyeyuka. Baada ya hapo zihifadhi zikiwa zimesimama kwa ukingo, mbali na dirisha na nyuma ya friji. Zikilazwa moja juu ya nyingine katika joto letu hupinda.

Hatua ya 7: Njia ya kati, kwa waliorithi

Kama una sanduku la mzee lakini hutaki kuishi na pleya, azima au nunua kwa kushirikiana na ndugu pleya moja yenye USB, geuza santuri kuwa mafaili, kisha msikilize kwa simu. Kwa familia nyingi hii ndiyo pesa iliyotumika vizuri zaidi.

Unganisha pleya na kompyuta, fungua Audacity, ambayo ni ya bure. Chagua sampuli 44,100, na biti 24 kama pleya yako inaziruhusu. Cheza sehemu yenye kelele kubwa ya wimbo, rekebisha kiwango mpaka mshale wa juu kabisa uguse kama desibeli -6; ukifika sifuri sauti inapasuka na haitengenezeki baadaye. Kisha rudi mwanzo, rekodi upande mzima bila kukatiza. Santuri ya dakika arobaini itachukua dakika arobaini, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo panga santuri mbili au tatu kwa jioni. Kwenye 45 zenye wimbo uliogawanywa, rekodi pande zote mbili, kisha unganisha pale sehemu ya kwanza inapofifia. Faili ambalo hukuligusa lihifadhi pia kama lilivyo.

Programu ina kifaa cha kuondoa vishindo. Kitumie kidogo sana. Kikizidi hula ncha za magitaa na matoazi, na muziki unabaki umefunikwa blanketi.

Hifadhi kama FLAC, ambayo haipunguzi chochote, na tengeneza nakala ya MP3 kwa ajili ya simu. Kwenye jina la faili andika bendi, wimbo, upande, na namba iliyochapwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, maana namba hiyo ndiyo itakayomsaidia mtu mwingine kuitambua. Piga picha karatasi hiyo pande zote mbili. Weka nakala mahali pawili, mfano diski ya nje kwako na nyingine kwa dada yako mkoani. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti ili faili lifike kama ulivyolihifadhi.